Fagio la Wifi

Mama Pasi hakuwa mtu wa kusamehe, na wala hakujifanya. Kuna wale wanaosema nimesamehe ila sijasahau. Yeye alikuwa hajasamehe, hajasahau, na ukimgusa anakuongezea na yale ambayo hata hukuyajua. Na katika vinyongo vyake vyote, kimoja kilikuwa na mpini. Kilikuwa fagio.

Fagio lenyewe lilikuja siku ya mvua. Mama Pasi alikuwa dobi, na siku hiyo chumba cha mbele kilijaa sare nyeupe za wauguzi, zimetiwa buluu, zimetiwa wanga, zimenyooshwa mpaka ukizisimamisha zinasimama zenyewe. Meza ilijaa, kitanda kilijaa, zilizobaki akazipanga chini juu ya mkeka. Mvua ikapiga. Haikuwa hata mvua ya kutisha, lakini maji yalishuka kutoka barabara ya juu kama watu waliotumwa, yakakata kona, yakaja moja kwa moja mpaka mlangoni pake, yakapita chini ya mlango bila hodi. Kabla hajafikisha mkono kwenye mkeka, sare zilikuwa zimekunywa matope kama chai.

Akiwa ameinama hapo, maji yako kwenye vifundo vya miguu, ndipo wifi yake akatokea na mwavuli. Hakuingia. Alisimama kwenye ngazi ya juu kabisa, pakavu, akanyoosha mkono na kumpa fagio la kusukumia maji, jipya, karatasi ya dukani bado inaning'inia kwenye mpini.

"Pole, wifi," akasema. "Ndiyo mvua ya Mungu hiyo, tutafanyaje. Fagia tu."

Akageuka akaenda zake. Na alikokwenda hakukuwa na tone.

Sasa hapo ndipo penye maneno. Huyu wifi, dada mkubwa wa mume wa Mama Pasi, mtaa ulimwita Bi Marumaru, kwa sababu uwanja wake wote, kutoka geti mpaka jikoni, alikuwa ameutandika marumaru zinazong'aa mpaka kuku alikuwa anaona aibu kupita. Udongo hata wa kupandia kitunguu hakuacha. Na katikati ya uwanja huo, kabla ya marumaru, palipita mfereji. Mfereji wa zamani, aliyeuchimba hajulikani, ulikuwa unapokea maji ya barabara ya juu, unapita kwa Bi Marumaru, unapita nyuma ya nyumba ya Mama Pasi, unateremka mpaka mtoni. Haukuwa na makuu. Mwaka mzima ulikaa mkavu, watoto wakiuruka, na mvua ikija ulifanya kazi yake ukanyamaza.

Bi Marumaru akaona mfereji unamharibia uwanja. Akaujaza kifusi, akaupigia zege, akatandika marumaru juu, na upande wa barabara akapandisha ukuta mrefu, mweupe, una maua ya saruji juu yake. Watu wakaja kuutazama. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu aliziba na akajenga, vyote viwili, na hasara ikaenda kwa jirani. Maji yakifika pale yanagonga ukuta, yanatafuta pa kwenda, yanaiona njia ya chini, na njia ya chini mwisho wake ni mlango wa Mama Pasi.

Wauguzi hawakurudi. Hawakugombana, walitoweka tu mmoja mmoja, kama wanavyotoweka watu wenye adabu. Mama Pasi akaenda ofisi ya halmashauri. Akakaa kwenye benchi mpaka benchi likamzoea. Karani aliyemsikiliza alikuwa akila karanga, akamuuliza kama ukuta umejengwa kwenye kiwanja cha wifi au kwenye kiwanja chake. Cha wifi. Akamuuliza kama maji ni ya bomba au ya mvua. Ya mvua. Basi karani akapangusa mikono, akamwambia mama, mvua ni kazi ya Mungu, sisi hapa hatuna sheria ya kumshitaki Mungu.

Mwaka uliofuata maji yalirudi, na fagio la pili likaja. Wa tatu likaja la rangi ya waridi. Kila mara pole wifi, kila mara mvua ya Mungu, kila mara fagia tu. Na Mama Pasi kila mara alilipokea, akalitundika nyuma ya mlango, akafagia kwa fagio lake mwenyewe la zamani lililobaki na meno machache kama babu. Yale ya wifi hayakugusa sakafu hata siku moja. Yalikaa pale yakimtazama akinyoosha nguo, naye akiyatazama.

Mtu atauliza, na mume je? Mume alikuwepo. Fundi baiskeli, mtu mpole, mtaa mzima unampenda, na jina lake ni Yaishe, kwa sababu ugomvi wowote ukitokea, hata wa kuku, yeye husema yaishe. Bi Marumaru ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa. Alimbeba mgongoni, alimfuta makamasi, na mpaka leo akimuita anamwita mdogo wangu, na yeye mwenye mvi anaitika abee. Mume wa namna hiyo utamtuma akamwambie dada yake abomoe ukuta? Mama Pasi alijaribu mara moja. Yaishe alikwenda, akakaa huko kutwa, akarudi amebeba embe.

"Umemwambia?"

"Nilimkuta anaumwa kichwa," akasema Yaishe. "Yaishe, mke wangu."

Kikulacho ki nguoni mwako, na dobi ndiye wa kwanza kujua kilichomo nguoni.

Basi miaka ikaenda. Na katika kwenda kwake, mvua nazo zikabadilika tabia. Zamani mvua ilikuja kwa utaratibu, leo kidogo, kesho kidogo, mwezi mzima, mtu anaanika nguo kati ya wingu na wingu. Sasa ikawa jua linawaka mpaka vibanio vya plastiki vinapinda kwenye kamba, halafu alasiri moja mbingu inamwaga yote kwa mkupuo, kama mtu aliyekasirikia beseni. Mama Pasi alijenga kizingiti cha matofali mlangoni, maji yakakiruka. Akakipandisha, yakapita dirishani kwa jirani yakamzungukia.

Halafu zikaanza kuja sheria. Ya kwanza ilikuwa ya mkaa. Watu wa halmashauri walikuja wakasema miti inakwisha, joto linapanda, kuanzia sasa mkaa bila kibali ni kosa. Mama Pasi, ambaye jina lake lote limetoka kwenye pasi ya mkaa, aliwaambia maneno ambayo hayafai kurudiwa mbele ya wakwe. Akalazimika kununua pasi ya umeme, nyepesi kama kikopo, haina uzito wa kulikanya shati. Alinyoosha nayo akiinunia mpaka ikaungua, akanunua nyingine akainunia hivyo hivyo.

Ya pili ilikuwa kwamba anayejenga nyumba mpya lazima aweke tangi la kukinga maji ya bati na aache sehemu ya udongo wazi, ili ardhi nayo inywe. Hiyo haikumhusu, akaitukana hivyo hivyo kwa ujirani mwema.

Ndiyo maana ilipotangazwa mkutano wa sheria ya tatu, hakwenda kwa ajili ya sheria. Alikwenda kwa sababu Bi Marumaru alikuwa anakwenda, na hakutaka mtu yule akae mahali asikie jambo peke yake.

Mkutano ulikuwa shuleni, darasa la watoto wadogo, watu wazima wamekaa kwenye madawati magoti yakigusa kidevu. Aliyesimama mbele alikuwa binti mmoja, afisa wa mazingira, amevaa mabuti ya mpira mpaka magotini wakati nje ni kiangazi. Kabla hajasema neno mtaa ulikuwa umeshampa jina. Mabuti.

Mabuti hakuzunguka mbuyu. Akasema mvua mnaiona wenyewe, siku hizi ya mwezi inanyesha kwa mchana mmoja. Mifereji iliyochimbwa kwa mvua za babu zenu haitoshi, na hiyo michache iliyopo mmeijengea. Kwa hiyo halmashauri imepitisha sheria ndogo. Kila mkondo wa maji wa asili, na kila mfereji wa zamani, unafunguliwa, na hatua tatu kila upande hapakai kitu. Ukuta, banda, choo, chochote. Kazi inakamilika kabla ya mvua za mwisho wa mwaka.

Muuza nyama akanyoosha mkono. Akauliza, kwa heshima zote, kwani sasa mmeitungia mvua sheria? Na ikikataa, hati ya kuitwa mahakamani mtampelekea nani, wingu? Darasa likacheka mpaka dawati moja likavunjika.

Mabuti naye akacheka, akangoja wamalize.

"Mvua hatuiwezi, baba," akasema. "Tunayemweza ni aliyeizibia njia."

Mama Pasi, huko nyuma kwenye dawati la ukutani, akanyoosha shingo.

"Hebu rudia hapo," akasema.

"Wapi, mama?"

"Hapo penye aliyeizibia."

Mabuti akarudia, na akafafanua. Zamani maji yakiingia kwako yalihesabiwa ni kazi ya Mungu na hasara ni yako. Sheria mpya kabla ya kumtaja Mungu inauliza kwanza, ni nani aliyeyageuza? Mama Pasi akamtaka arudie tena. Watu wakaanza kugeuka kumtazama Bi Marumaru, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele na mkoba mapajani, shingo imenyooka kama ya mtu anayepigwa picha. Akasimama akasema ukuta wake una miaka mingi na una kibali, na karatasi anayo. Mabuti akamjibu taratibu kwamba kibali kilikuwa cha kujenga ukuta, shikamoo mama, hakikuwa cha kufukia mfereji.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Mama Pasi aliisifu serikali. Yaishe alitembea nyuma yake akisukuma baiskeli ya mtu, kama anayesindikiza maiti ya jirani.

Siku ya kupiga alama, Mabuti alikuja na kopo la rangi nyekundu na vijana wawili wa kamba. Mama Pasi alibeba kiti akaketi nje kuangalia, akajifunga na kanga nzuri. X ya kwanza ikapigwa kwenye ukuta mweupe wa Bi Marumaru, kubwa, ikimwagika machozi mekundu kwenda chini. Mama Pasi akaomba kahawa. Halafu kamba ikaendelea kuteremka. Ikazunguka kona. Ikapita ubavuni mwa nyumba yake, ikaingia nyuma, na alipoona hairudi akaacha kahawa akaifuata.

Akamkuta Mabuti ameinama juu ya jiwe lake la kufulia, brashi mkononi.

"Hilo wapi na wapi?" akauliza. "Hilo ni jiwe."

Lilikuwa jiwe, ndiyo. Jiwe bapa, pana, lililolainika katikati kama mgongo wa punda. Yeye na Yaishe walilitoa mtoni mwaka wa kwanza wa ndoa yao, kwa mkokoteni wa kuazima, wakasimama njiani mara zisizohesabika, si kwa uzito peke yake. Juu ya jiwe hilo aliwalea watoto watatu kwa povu. Alijua upande wa kola, upande wa mashuka, na pale penye kovu ambapo hupitishi hariri. Lakini miaka ile mfereji ulipokufa, naye Mama Pasi akaona nyuma ya nyumba pana shimo la bure. Akalijaza, akalitandikia saruji, jiwe akalihamishia katikati ili povu lisimrudie miguuni. Yaani alikuwa amekaa juu ya mfereji uleule aliokuwa akiulilia. Na hilo, kwa miaka yote hiyo ya kunung'unika, halikuwahi kumpitia kichwani.

Mabuti akamweleza bila kumcheka. Mfereji unafunguliwa kuanzia chini kwenda juu. Ukuta wa juu ukitobolewa wakati saruji hii ipo, maji yote yatakuja kuigonga na kuingia jikoni kwako, safari hii kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo wa chini akifungua, wa juu hana pa kusimama. Wa chini akikata rufaa, wa juu naye anasubiri, mpaka kamati ikae.

"Inakaa lini?"

"Mwakani. Mvua zikishapita."

X ikapigwa. Huko mbele, kutoka juu ya ukuta, ikasikika sauti ya Bi Marumaru akimwambia mtu ndani, kwa sauti ya kusikiwa na mtaa, kwamba mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Na sheria ni msumeno, jamani, hukata mbele na nyuma.

Lakini Mungu naye ana utani wake. Alasiri hiyo Bi Marumaru alikuwa anatarajia wageni wazito, wazazi wa mchumba wa mwanawe, na aibu ya X ilimshinda. Akachukua shuka lake bora, jeupe, la kutarizi pembeni, akalitundika juu ya ukuta kufunika alama, kama vile ameanika tu. Wageni wakaja, wakala, wakaondoka, hawakuona kitu. Asubuhi akalivuta shuka. Rangi ilikuwa haijakauka. X ilikuwa imehamia, nzima, katikati ya shuka, na ukutani imebaki vilevile kama haijatoka.

Akalifua kwa mafuta ya taa, akalifua kwa ndimu. Akalianika uani, na upepo ukalipandisha juu ya ukuta mtaa mzima ukaliona. Muuza nyama alisimama na baiskeli yake akauliza kama kitanda nacho kilijengwa mferejini.

Kesho yake, kwa mara ya kwanza tangu fagio la waridi, Bi Marumaru alikuja kwa Mama Pasi. Hakusimama kwenye ngazi. Aliingia, akakaa, shuka liko kwapani ndani ya mfuko. Yaishe akampa kiti, akamwamkia, akakaa kwenye kigoda karibu na miguu yake kama mtoto wa shule.

Alianza na afya ya watoto. Akaja kwenye gharama za maisha, akaja kwenye vijana wa siku hizi na mabuti yao. Mama Pasi alikuwa ananyoosha suruali, hakuinua macho. Mwisho akalitoa shuka, akasema doa hili limemshinda kila mtu, na mtaa huu mwenye mkono wa doa ni mmoja. Akangoja. Halafu akasema lile lililomleta.

"Wifi, mimi na wewe tusiwe wajinga. Wewe una jiwe lako, mimi nina ukuta wangu. Tukate rufaa pamoja. Jiwe libaki, ukuta ubaki, mpaka hao wachoke. Sheria zinakuja zinapita, udugu unabaki."

Pasi ikasimama. Yaishe akamtazama mkewe kwa macho ya kuomba. Alijua jiwe lile ni nini kwake. Alikuwepo kwenye mkokoteni.

"Maneno ya busara hayo, mke wangu," akasema. "Utafulia wapi? Yaishe."

Na hilo ndilo lililokuwa gumu, kwa sababu kweli, atafulia wapi? Mikono yake haikujua mahali pengine. Wifi alikuwa anampa jiwe lake, na bei yake ilikuwa mvua moja zaidi, labda mbili, na fagio jingine. Watu wengi wangepokea. Mama Pasi alitazama nyuma ya mlango, mafagio yakamtazama.

"Acha shuka," akasema.

Bi Marumaru akatabasamu, akaliacha, akaenda akijua ameshinda.

Asubuhi Mama Pasi alimwambia mumewe alete nyundo. Yaishe akaleta nyundo ya kunyooshea spoku. Akamwambia nyundo ya watu wazima. Yaishe akazunguka akaazima kwa fundi mwashi, akarudi nayo akiivuta polepole, akitumaini njiani jambo litabadilika. Mama Pasi alikuwa amesimama juu ya saruji, kanga imefungwa kiunoni, na kwenye uzio majirani wameshajipanga, maana habari katika mtaa ule haikuhitaji viatu.

Alipiga pigo la kwanza kwenye saruji, ikacheka. La pili ikapasuka. Mkono uliokamua mablanketi miaka yote hiyo si mkono wa kudharau. Akapiga, akapumzika, akapiga. Alipolifikia jiwe lenyewe akasimama. Akapitisha kiganja pale katikati, penye mgongo wa punda, mara moja tu, kama unavyoangalia nguo kama imekauka. Akataka kuinua nyundo, na nyundo haikupanda.

Yaishe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Juu, kwenye baraza nyuma ya ukuta mweupe, dada yake alikuwa ametoka anatazama, na akamuita.

"Mdogo wangu. Hebu njoo huku."

Yaishe akafungua mdomo, na kila mtu aliyekuwepo alijua neno litakalotoka. Halikutoka. Hata ile abee haikutoka. Akavuka saruji iliyovunjika, akashika mpini karibu na mikono ya mkewe.

"Lete," akasema.

Akalipiga jiwe walilolivuta wawili, na likapasuka kwa sauti ndogo tu, kama sahani. Hakusimama mpaka mchana. Mama Pasi alikuwa akibeba vipande, analia na anamkosoa. Piga huku, hapo umekwepa, baiskeli zimekulegeza.

Jioni akalichukua lile shuka. Akaliloweka, akalisugua pembe zote kwenye beseni, akalitia buluu, akalitia wanga, akalinyoosha mpaka tarizi zikasimama kama kope. Doa la rangi ile alikuwa anaijua dawa yake, na dawa ilikuwa rafuni. Ilibaki rafuni. Akalikunja shuka vizuri, akampa Yaishe alipeleke. Lilikuwa jeupe pepepe kama theluji ya kwenye picha, na katikati X yake palepale, imenyooshwa, haina hata kikunyanzi.

Baada ya hapo Bi Marumaru hakuwa na pa kusimama. Alikata rufaa peke yake, wakamwambia chini kumeshafunguliwa. Akasema atabomoa mwenyewe, akangoja mpaka siku zikamuishia, halmashauri ikaleta greda. Ukuta ulitobolewa pale palipo na X, marumaru zikang'olewa mstari mpana katikati ya uwanja, kifusi kikatoka, na chini yake mfereji ukaonekana, umelala vilevile na mawe yake, kama mtu aliyefunikwa blanketi akiwa hai.

Mabuti alikuja kukagua. Akamwambia Mama Pasi ajenge sehemu mpya ya kufulia upande wa mbele, na shimo la kokoto la kufyonza maji machafu. Ikajengwa. Laini, safi, imenyooka. Mama Pasi akaitazama akasema haina tabia. Akamwambia Mabuti kwamba kwenye ukuta wa wifi ameishukuru sheria yake, ila kuhusu jiwe wataonana mbinguni. Mabuti akasema sawa, mama. Hakubishana, na kwa hilo Mama Pasi akamhesabia nusu alama.

Mvua ilikuja mchana wa soko. Mawingu yakashuka, ikamwagika yote kwa pamoja, mvua kubwa kuliko ile ya sare za wauguzi. Mama Pasi alifungua mlango wa mbele wote, akaweka kiti kizingitini, akapanga nguo za watu chini sakafuni, juu ya mkeka, makusudi. Yaishe akamwambia anamjaribu Mungu. Akamjibu Mungu ameshaondolewa kwenye kesi.

Maji yalikuja barabara ya juu, yanapiga kelele. Yakafika kwenye ukuta. Mama Pasi akashika magoti yake. Yakaingia kwenye tundu, yote, yakapita katikati ya uwanja wa Bi Marumaru, yakazunguka nyuma ya jiko, yakapita pale lilipokuwa jiwe bila hata kusimama kuuliza, yakateremka mtoni. Njia ya chini ikabaki inameta tu. Mkeka mkavu. Yaishe aliingiza kidole chini ya nguo ya mwisho, akakitoa, akamuonyesha.

Ikapungua, ikabaki manyunyu. Mama Pasi akasimama, akaenda nyuma ya mlango, akayatungua mafagio yote matatu. Vumbi lake lilikuwa la miaka. Akayaweka begani, akachukua mwavuli, akapanda taratibu mpaka kwenye geti la wifi yake.

Nyumba ya Bi Marumaru haikuingia maji. Sheria haikuwa katili kiasi hicho. Lakini marumaru hazinywi, na mfereji ulipokuwa unapita kwa kasi ulirusha tope huku na huku, uwanja wote umekuwa kama sahani iliyolambwa nusu. Mwenyewe alikuwa amesimama kwenye baraza, gauni ameliinua, hajui aanzie wapi. Hakuwa na kitu cha kusukumia. Vyote alikuwa ameshagawa.

Mama Pasi hakuingia. Alisimama kwenye ngazi ya geti, pakavu, akanyoosha mkono na mafagio matatu, la waridi juu, karatasi ya dukani bado inaning'inia kwenye la kwanza.

"Pole, wifi," akasema. "Ndiyo mvua ya Mungu hiyo. Fagia tu."

Bi Marumaru aliitazama ile karatasi ya dukani. Akashuka kwenye tope na viatu vyake vya ndani, akalipokea la waridi, akaanza kusukuma.

Mama Pasi angeweza kurudi nyumbani hapo. Nguo zilikuwa zinamngoja. Lakini alibaki kidogo chini ya mwavuli, anaangalia kazi kama mtu anayejua kazi, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Wifi," akasema, "pale kwenye kona umeruka."